Fundi wa Kutafuta

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka saba ya uhuru wake, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani ya kupima miale ya eksirei itokayo angani, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Marjorie Townsend, mhandisi aliyeusimamia mradi huo NASA, akaipa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyomkaribisha. Wengi wetu Pwani tumezisikia habari hizi. Lakini mtu akitaka kuziona picha na nyaraka zake, kazi ndipo inapoanza, kwa sababu chombo hicho kina majina mengi. Kabla hakijaruka wahandisi walikiita SAS-A. Kilipofika juu kikawa SAS-1. Katika orodha ya vyombo vya utafiti vya Marekani ni Explorer 42. Anayeandika jina moja na kuridhika na kilichomjia, ameondoka na kipande tu.

Haya niliyaelewa vizuri Vanga, mji wa mwisho wa pwani yetu kabla ya mpaka, kwa kumtazama binti mmoja wa hapo akifanya kazi yake. Huwatafutia watu vitu katika hifadhi za mashirika ya anga za juu na katika madaftari ya hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi: mwalimu anayetaka picha ya kufundishia, kina mama wa mwani, vijana wanaolinda mikoko. Anatumia mawakala wa akili mnemba. Wakala wa aina hii ni programu iliyopewa vitendea kazi. Inaulizwa swali kwa maneno ya kawaida, inapiga hodi yenyewe kwenye hifadhi, inasoma kilichorudi, inaamua hatua inayofuata na kurudi tena, mara nyingi itakavyo, bila kuchoka. NASA iliikusanya maktaba yake ya picha, video na sauti mahali pamoja mwaka 2017, na ikaacha mlango maalumu ambao programu kama hizi huingilia. Hataza zake nazo zina mlango wa namna hiyo.

Ukisikia hivyo utadhani kazi yote ni ya mashine. Mimi nimekuja kuamini kinyume chake. Wakala huleta alichotumwa, na kumtuma ni ufundi.

Chukua jina la Vanga lenyewe. Wakala akiachwa aende nalo hivi hivi, atarudi na vanga wa Madagaska, jamii ya ndege wanaojulikana sana na wataalamu wa viumbe. Kwa hiyo binti huyu humpa kwanza mahali: takriban digrii 4.66 kusini na 39.22 mashariki. Kisha humpa majina ya zamani, maana mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya 1886 yaliyogawa nchi hizi yanautaja mto ulio hapo jirani kuwa Wanga au Umbe, na yale ya 1890 yanauita Umba, kama tunavyouita leo. Ramani za Wajerumani ziliandika Wanga. Kwa Ngomeni ni vivyo hivyo: ghuba ya Ungwana kwenye nyaraka za zamani ni Formosa, jina ambalo kisiwa cha Taiwan nacho kiliitwa, na San Marco ni kanisa kuu la Venezia kabla wakala hajalifikia jukwaa letu. Kwa hiyo kabla hajamwachia wakala aende, hukaa na karatasi akaandika kila jina ambalo kitu hicho kimewahi kuitwa, na pembeni yake kila kitu kingine kinachoshiriki jina hilo. Nimemwona akitumia asubuhi nzima kwa karatasi hiyo peke yake. Baada ya hapo utafutaji wenyewe ulikwisha upesi.

Jambo la pili ni kujua kitu kiko nyumba ipi. Wakala ana tabia ya kudhani kila kilichopigwa picha kutoka juu kimo NASA. Picha za setilaiti za Landsat, ambazo zinaionyesha dunia tangu Julai 1972, hutunzwa na shirika la jiolojia la Marekani, na ni tangu 2008 ndipo zikawa bure kwa yeyote. Za Sentinel ni za Ulaya. Picha ambazo wanaanga wamezipiga kwa mikono yao kupitia madirisha zina hifadhi yake nyingine huko Houston, na hiyo ina mtego ambao binti huyu alinionyesha kwa furaha ya fundi anayefungua mashine. Kila picha imeandikiwa mahali chombo kilipokuwa wakati kamera inabonyezwa. Mahali hapo si lazima pawe ndipo kamera ilipoelekezwa. Mwanaanga anaweza kuwa juu ya Vanga kabisa, naye ameelekeza lenzi Kilimanjaro. Wakala anayetafuta kwa nambari za ramani ataileta picha ya theluji na kuiita Vanga. Basi humwagiza asome vyote viwili, mahali pa chombo na kitovu cha picha, na kitovu kikikosekana aiweke picha kando hadi atakapoiangalia yeye kwa macho yake.

Kuangalia kwa macho ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, na hasa inapokuja kwenye mikoko. Misitu ya Vanga, Jimbo na Kiwegu imo katika mradi wa jamii wa Vanga Blue Forest, unaouza hewa ya kaboni kama walivyotangulia Mikoko Pamoja wa Gazi mwaka 2013. Watu hapa wanayo sababu ya kutaka kujua msitu ulikuwaje miaka thelathini nyuma. Wakala anaweza kuorodhesha picha zote za Landsat za eneo hili, akazitupa zilizojaa mawingu, akazitenga zile za Landsat 7 za baada ya Mei 2003, mtambo mmoja ulipoharibika na picha zikaanza kutoka na milia mitupu. Zinabaki nyingi. Utalinganisha ipi na ipi?

Hapa mtu asiyejua bahari hupotea. Maji yakijaa, miche ya mikoko na fungu la tope la ukingoni vyote hufunikwa, na kwenye picha msitu huonekana umesinyaa. Yakikupwa, huonekana umetanuka. Ukiweka picha ya maji kujaa ya mwaka mmoja kando ya picha ya maji kupwa ya mwaka mwingine, utatangaza msitu umekua ilhali hakuna mti hata mmoja ulioongezeka. Binti huyu alilipeleka swali kwa babu yake, mvuvi, aliyekuwa akishona wavu kibarazani.

"Babu, bamvua maji yetu hukupwa saa ngapi?"

"Saa nne, mjukuu wangu. Hujaa saa kumi, yakakupwa saa nne. Mbona wauliza, na wewe ulikuwa wenda kuokota kome nao?"

"Ni setilaiti, babu. Nayo hupita saa nne."

Mzee aliacha sindano ya wavu na kumtazama. Na ni kweli. Setilaiti za Landsat zimewekwa katika njia inayozifikisha juu ya kila mahali karibu na saa nne asubuhi kwa saa za jua. Pwani yetu siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji huwa yamekupwa karibu na saa hiyo hiyo. Kwa hiyo picha ya siku ya bamvua, hata iwe ya mwaka 1987, inaonyesha tope lililo wazi. Siku za maji mafu, wiki moja baadaye, saa nne huwa ndipo maji yanapokaribia kujaa. Akamwagiza wakala akokotoe umri wa mwezi kwa tarehe ya kila picha, abakize zile tu zilizo ndani ya siku mbili au tatu za bamvua, na tena za msimu mmoja wa mwaka. Rundo likapungua likawa orodha fupi inayolinganishika. Wakala aliufanya ukokotoaji kwa kufumba na kufumbua, lakini swali lilitoka kibarazani.

Ndiyo maana hesabu kubwa zinataka kusomwa kwa utulivu vilevile. Utafiti uliotumia Landsat na kuchapishwa mwaka 2013 ulikadiria mikoko ya Kenya yote kuwa hekta 45,590 mwaka 2010, pungufu kwa asilimia 18 ndani ya miaka 25. Mpango wa taifa wa kusimamia mikoko wa 2017 hadi 2027 unataja hekta 61,271. Wakala mvivu angechukua mojawapo, au, vibaya zaidi, angezipanga kwa miaka na kusema misitu imeongezeka. Wakala aliyeagizwa vizuri huleta zote mbili, na njia iliyotumiwa kupima kila moja.

Kwenye hataza ufundi hubadilika sura, kwa kuwa maandishi ya hataza huandikwa kwa lugha pana makusudi. Mvumbuzi hataki haki yake iishie kwenye mfuko wa plastiki, basi mfuko huitwa kizingio. Kina mama wanaolima mwani pwani hii ya kusini, kama wale wa Kibuyuni, wana shida za kueleweka: mwani huchukuliwa na mawimbi, huoza ukinyeshewa kabla haujakauka. Wakala alipotumwa kutafuta uvumbuzi wa NASA wa kukuza mwani baharini, alirudi upesi na hataza ya Marekani namba 8,409,845, ya mwaka 2013, yenye kutaja vizingio vilivyozamishwa na ngozi inayopitisha maji. Ilionekana ndiyo yenyewe. Binti akafungua sehemu ya madai, maana kisheria madai ndiyo yanayosema kilichovumbuliwa, na muhtasari wa juu si kitu. Akayasoma moja moja, polepole, kidole kwenye kioo. Ilikuwa ni mwani ule mdogo usioonekana kwa jicho, unaokuzwa ndani ya mifuko yenye maji taka yasiyo na chumvi, mifuko ikiwa inaelea baharini. Chumvi ya nje huvuta maji safi kupitia ngozi ile, na rutuba ikabaki ndani. Wazo la kupendeza mno. Haliwasaidii kina mama wa Kibuyuni. Alilifunga, akaandika kwa nini.

Kisha alimtuma tena wakala, safari hii kwa nambari za mafungu. Kila hataza huwekewa alama za fungu lake, na alama hizo hazijali lugha wala madoido ya mwandishi: B64G ni vyombo vya anga za juu, C02F ni kusafisha maji, A01G ni kilimo cha mimea, F26B ni kukausha. Ukianza na F26B, hutahitaji kubahatisha mvumbuzi alikiita kichanja jina gani. Na kwa kila hataza inayofaa hufuata maswali mawili: bado iko hai, na iliandikishwa wapi? Hataza hudumu miaka 20 tangu maombi kuwasilishwa, nayo hufa mapema ada zake zisipolipwa. Tena haina nguvu nje ya nchi ilipoandikishwa. Uvumbuzi ulioandikishwa Marekani tu, bila ofisi ya hataza ya Kenya, KIPI, huko Nairobi na bila ile ya nchi za Afrika, ARIPO, kule Harare, fundi wa Msambweni ana ruhusa ya kuutengeneza na kuuza nyumbani, ingawa kuupeleka Marekani ni shauri jingine. Mwaka 2016 NASA yenyewe ilitoa hataza zake 56 ziwe mali ya umma. Maarifa yote hayo yamelala wazi, na ni wachache mno waliowahi kumsomea fundi wa kwetu.

Lipo jambo moja binti huyu asilokubali kulegeza. Wakala wa akili mnemba anaweza kuandika namba ya picha inayofanana kabisa na namba ya kweli, kumbe picha hiyo haipo. Namba hizi zina mpangilio, na mpangilio huigika. Ile picha mashuhuri ya dunia nzima iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Desemba 1972, ambayo Afrika inaonekana wazi ndani yake, ni AS17-148-22727: safari ya 17, filamu ya 148, kisha namba ya picha. Badili tarakimu moja na bado itaonekana halali. Kwa hiyo hakuna kinachoingia kwenye daftari lake kabla hajaifungua kumbukumbu yenyewe pale inapotunzwa. Akiifungua hapo, hutazama na jirani zake, picha ya kabla na ya baada, kwa sababu mara nyingi wasimamizi walichagua moja kuitangaza na iliyo bora kwa mahali pako ni ile iliyoachwa. Picha hiyo ya Apollo ilipigwa kusini ikiwa juu, ikageuzwa ndipo ikachapishwa. Kwa mwalimu anayetaka kuwauliza watoto pwani yetu iko upande gani, hilo si jambo dogo.

Daftari lake lina safu ya kilichopatikana, na safu ya pili, ndefu zaidi, ya kilichotafutwa kikakosekana: maneno yaliyotumika, hifadhi iliyoulizwa, tarehe. Nilimwuliza mbona anajisumbua na safu hiyo. Akanieleza kwamba hifadhi hizi huongezewa vitu kila siku, filamu za zamani zinaendelea kuingizwa kwenye kompyuta, na utafutaji uliotoka mtupu mwaka huu unaweza kujibu mwakani, mradi awepo anayejua uliulizwa vipi. Vijana wawili wa Kiwegu wameanza kuinakili safu hiyo, wakianzia na ukingo wa Umba.