Mkunjo au Msokoto? Istilahi na Maana katika Hisabati ya Uhandisi

Istilahi ya kigeni ihamiapo Kiswahili, aghalabu huja na picha ya lugha ilikotoka. Ipo namna ya kuunganisha funksheni mbili ambayo Wajerumani huiita Faltung, yaani kukunja. Gustav Doetsch alilitumia neno hilo mwaka 1923. Neno la Waingereza lina asili ya Kilatini, nalo hudokeza kuviringisha pamoja. Mfasiri basi ana “mkunjo” mkono mmoja na “msokoto” mkono wa pili.

Ufafanuzi uliozoeleka humwamuru mwanafunzi akunje funksheni moja, aisogeze, azidishe, ajumlishe. Amri hizo ni sahihi, ila hazina sababu. Na hapo ndipo wengi huikariri hisabati bila kuielewa.

Sababu yapatikana mtoni. Mwaka 1932 mhandisi Mmarekani L. K. Sherman alieleza njia ya kukadiria mtiririko kutokana na mvua. Ichukuliwe kwamba kipimo kimoja cha mvua huupa mto vipimo 5 vya maji siku ile ile, 3 siku ya pili, na 1 siku ya tatu. Na kwamba mvua ilinyesha vipimo 2, 4, kisha 3 kwa siku tatu mfululizo. Maji ya siku ya tatu ni haya: mvua ya leo, 3 mara 5, ya jana, 4 mara 3, ya juzi, 2 mara 1. Jumla ni 29. Mvua imesomwa 2, 4, 3, ilhali mwitikio wa mto umesomwa kinyume: 1, 3, 5. Huo ndio mkunjo, wala si hila ya mchoraji. Mvua kongwe hukutana na mwisho wa mwitikio kwa kuwa ndiyo iliyonyesha zamani zaidi. Siku zikigawanywa vipande vidogo mno, jumla hugeuka intigrali ya f(τ)g(t − τ), na ile t − τ iwatishayo wengi si kitu ila umri wa mvua.

“Msokoto” una haki yake: katika kamba hakuna uzi ulio mkuu, na kweli, ukikunjwa mfululizo wa mvua badala ya mwitikio, jibu hubaki 29. “Mlimbikizo” haufai, maana kila intigrali ni mlimbikizo. “Mkunjo” wastahili kuteuliwa, mradi kamusi itaje umri huo, na itaje pia sharti ambalo walimu hulipita haraka: mvua maradufu ilete maji maradufu, na mto uitikie vile vile kila siku. Udongo uliokwisha kushiba maji haulitii sharti hilo.