Hewa Ndiyo Kinga: Joto la Ekzosi Kwenye Mlima wa Manga

Abiria wa bodaboda akishukia upande wa kulia, mara nyingi hulipa kwa shavu la mguu. Kovu la ekzosi limezoeleka Kisii na Nyamira kiasi kwamba halimshtui mtu, na lawama humwendea aliyeungua, kwamba hakutazama alikoweka mguu. Tangu serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008, chombo hiki ndicho kinachobeba ndizi hadi soko la Daraja Mbili, majani ya chai, wanafunzi na wagonjwa, na lawama hiyo imesafiri pamoja nao. Naiona haina msingi. Joto linalofika mguuni ni suala la ufundi, na ufundi huo umekuwapo kiwandani siku nyingi. Tunachokosea ni kudhani kwamba kinachomkinga mtu ni kipande cha chuma kinachofunika bomba. Kinachomkinga ni nafasi iliyo chini yake.

Kwanza tupime joto lenyewe. Chukua pikipiki ya aina ya Bajaj Boxer au TVS HLX, mwendeshaji, abiria na mzigo, jumla kilo 320, ikipanda mwinuko wa asilimia 10 kuelekea Manga kwa kilomita 20 kwa saa. Kuinua uzito huo tu kunataka wati 1,700 na ushei. Ukijumlisha msuguano wa magurudumu na upepo, unakaribia kilowati 2.1. Kwenye tambarare, kwa mwendo uleule, wati 400 hivi zingetosha. Injini ndogo ya petroli hugeuza kama robo tu ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Inayobaki ni joto, yaani kilowati sita hivi, sawa na majiko matatu makubwa ya umeme yaliyowashwa kwa pamoja, na karibu lote hutokea kwenye mapezi ya silinda na bomba la moshi. Upepo wa kuyapoza ni uleule wa kilomita 20 kwa saa. Kazi imeongezeka mara tano, hewa haijaongezeka. Tena ni hewa nyepesi, maana mji wa Kisii uko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako uzito wa hewa hupungua kwa karibu asilimia 15. Atakayesema kwamba huku ni nyanda za baridi anasema kweli isiyosaidia. Nyuzi chache za tofauti kati ya Kisii na Mombasa ni jambo kubwa kwa mwenye kuvaa sweta, lakini kwa bomba lenye nyuzi 250 ni kama hazipo.

Ngozi nayo haina subira. Utafiti wa Moritz na Henriques uliochapishwa Marekani mwaka 1947 ulionyesha kwamba kwenye nyuzi 44 ngozi huchukua saa kadhaa kuharibika, kwenye 60 huchukua sekunde chache, na kwenye 70 sekunde moja inatosha. Kwa hiyo shabaha haiwezi kuwa kuipoza ekzosi, kwani haitapoa maadamu injini inafanya kazi. Shabaha ni uso wa nje, ule ambao mguu unaweza kuufikia. Kiwanda kinachofanya kazi vizuri hufunga bamba jembamba juu ya sailensa kwa bolti mbili au tatu, juu ya vishikizo vidogo, mara nyingine na wosha zisizopitisha joto, kisha hutoboa matundu marefu kwenye bamba. Kila kimoja kati ya hivyo kina kazi yake. Hewa iliyotulia hupitisha joto karibu mara 2,000 pungufu kuliko chuma cha kawaida, hivyo upenyo wa kidole kimoja kati ya bomba na bamba hufanya kazi ambayo unene wowote wa chuma hauwezi. Vishikizo ni vichache na vyembamba kwa sababu kila panapogusana, joto hupata daraja. Matundu huruhusu hewa iliyopashwa moto kupanda na kutoka, na yenye baridi kuingia kwa chini. Inabaki miali ya joto, ambayo haihitaji hewa wala mguso. Hapa uso wa bamba ndio unaoamua: bamba lililofifia na kuchakaa kama bomba lenyewe hupunguza miali kwa nusu tu, ilhali linalong'aa pande zote mbili huweza kuipunguza zaidi ya mara kumi. Kromu ya kinga si urembo, na anayeipaka rangi nyeusi ili ipendeze ameiharibu.

Sasa tazama kinachofanyika kinga hiyo ikipotea au ikioza kwa kutu. Fundi wa juakali hukata bati na kulichomelea moja kwa moja juu ya sailensa. Linashika imara, halipigi kelele, halidondoki mashimoni, na kwa hayo fundi anastahili sifa. Lakini ameongeza ngozi ya pili ya bomba lilelile, na baada ya dakika chache za kupanda uso wa nje una joto karibu sawa na wa ndani, ila sasa ni mpana zaidi. Wapo wanaoviringisha kamba ya nyuzi za kioo, kama wafanyavyo wenye pikipiki za mbio. Kamba hiyo kweli hubakiza joto ndani ya bomba, na kwenye nchi kavu ingefaa. Kwenye mvua za Kisii hunyonya maji na kuyashikilia dhidi ya chuma, na bomba hutoboka. Ningemshauri fundi atumie bati lilelile, moto uleule wa kuchomelea, ila achomelee nati tatu fupi kwanza, kisha afunge bati juu yake kwa bolti. Gharama haibadiliki sana. Kabla ya hapo akague tapeti, wakati wa cheche na mpira wa kabureta, kwani cheche ikichelewa mafuta huendelea kuungua wakati valvu ya kutolea moshi imeshafunguka, na bomba hupata joto lisilo la lazima.

Pikipiki kubwa za michezo zilifikia funzo hilohilo, kwamba hewa ndiyo kinga, kwa njia ya gharama kubwa. Zina maji ya kupoza, feni, na plastiki za ubavuni zinazoelekeza hewa moto mbali na magoti, na bado foleni ikisimama mwendeshaji huchomwa mapaja. Ducati, katika Multistrada V4, iliamua kuzima silinda za nyuma injini inapounguruma bila mwendo, kwa sababu ndizo zilizo karibu na miguu. Hata huko, palipokosekana upepo kinga peke yake haikutosha. Vivyo hivyo kinga ya bodaboda hupata joto zaidi ikiwa imesimama, na inaposimama ndipo hasa abiria anaposhuka.

Pingamizi zito zaidi ni la umeme. Pikipiki za Roam, Ampersand na Spiro hazina ekzosi kabisa, na serikali ilizindua mpango wa pikipiki za umeme Mombasa Septemba 2023. Kwa nini basi kuhangaika na bati? Kwa sababu Boxer iliyonunuliwa juzi kwa mkopo haitatupwa kesho, na itakapochakaa Kisii itauzwa vijijini ambako itapanda tena miaka mingine. Suruali nzito na gambuti husaidia mwendeshaji, ambaye hata hivyo anajua bomba liko wapi. Asiyejua ni mtoto wa shule aliyepakiwa wa tatu, ingawa sheria inaruhusu abiria mmoja. Mguu wake mfupi haufiki kwenye kikanyagio, unaning'inia nyuma ya mahali kinga inapoishia, na fundi akitengeneza bati jipya inabidi alirefushe hadi huko.