Je, Kizuri Chajiuza?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni nzuri, lakini haitoshi kuwa mizani ya matangazo ya vyakula. Muuza kahawa wa Mombasa hubeba dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe mpaka mtaa mzima usikie. Je, kwa kuwa huitembeza, kahawa yake ni mbaya? La. Yeye hutangaza, kisha papo hapo humimina. Ulimi wako ndio hakimu.

Sasa tazama makopo ya dukani. Neno "tamu" huandikwa kwa herufi kubwa. Lakini katika mengine, habari kwamba ndani mna mizizi ya chikori iliyosagwa, ambayo si kahawa hata kidogo, huwekwa pembeni kwa herufi ndogo. Hapo sifa imetangulia, na ukweli umefuata nyuma.

Jambo hili latuhusu sana. Kahawa ilipandwa Bura, Taita, mwaka 1893, na hata leo sehemu kubwa ya mavuno yetu huuzwa ng'ambo. Si ajabu basi mtoto wa mkulima kuijua kahawa kwa picha ya kopo kuliko kwa kinywa chake.

Kwa hiyo, twaa buni kidogo, uzikaange kwa moto wa polepole, uzitwange, uzichemshe pamoja na tangawizi. Ukisha kuionja kahawa hiyo, rudi ulisome kopo tena. Utajua ni neno lipi limesema kweli, na ni lipi limepamba tu.