Uso, Kigezo na Kipimo: Tathmini ya Istilahi za Usanifu kwa Kompyuta

Miongoni mwa taaluma ambazo istilahi zake bado hazijatulia katika Kiswahili ni usanifu wa vyombo kwa kompyuta. Makala haya hayakusudii kuziorodhesha zote. Yanakusudia kupima chache tu, zile zihusuzo kazi moja: kulichukua umbo lililoingizwa kutoka programu nyingine, ambalo ni nyuso tupu, na kuliunda upya kuwa modeli inayotawaliwa na vipimo. Istilahi za kazi hiyo zikikosewa, hasara yake huonekana katika chuma.

Mahali pa kuzipimia hapako mbali. Upanga ndiko yaliko makao makuu ya SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo. Pembezoni mwake, penye makutano ya Barabara ya Morogoro na Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, ipo Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1957 ikiwa chuo cha ufundi. Mwendo mfupi kutoka hapo, Gerezani, Kariakoo, mafundi hukereza vipuri vya mashine ambazo watengenezaji wake wako mbali au hawapo tena. Mwalimu, fundi na mtumishi wa umma anayeagiza kipuri wanahitaji maneno yenye maana moja kwa wote watatu.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Tuchukue mfano wa bushi ya pampu iliyochakaa. Ikipimwa kwa skana, kompyuta hupokea maelfu ya pembetatu ndogo zilizoungana kufuata uso wa bushi. Kwa macho umbo hilo ni sahihi, lakini ndani yake hamna habari yoyote kwamba kitu hiki ni mcheduara. Tundu lina kipenyo cha milimita 40.2 upande mmoja na milimita 40.6 upande mwingine, kwa kuwa shafti imelila. Anayezifuata nyuso hizo kama zilivyo atatengeneza bushi mpya yenye uchakavu wa zamani. Anayeunda upya hana budi kujiuliza mtengenezaji alikusudia nini. Akihukumu kwamba tundu lilikuwa la milimita 40, huandika namba hiyo mara moja, huweka sharti kwamba tundu na mzingo wa nje vina kitovu kimoja, na tangu hapo namba ikibadilishwa kuwa 45, umbo zima hufuata.

Sasa tuzitazame istilahi.

(1) Uso. Neno hili lafaa, na wingi wake, nyuso, halina utata. Wapo wanaopendelea ganda ili mwanafunzi aelewe upesi. Katika kueleza si vibaya, lakini katika istilahi ni kosa: ganda la yai lina unene, hata uwe mdogo namna gani, ilhali uso wa kijiometri hauna unene wowote. Tuliache neno ganda kwa wahandisi wa majengo, ambao wanalihitaji kwa paa jembamba la zege.

(2) Kigezo. Hapa ndipo penye mgogoro. Katika kompyuta kigezo limekwisha kuzoeleka kwa thamani inayopewa programu ili ifanye kazi. Lakini kamusi zetu hueleza kigezo kuwa ni kitu kinachofuatwa kama mfano katika kupima au kutengeneza kingine. Mwanafunzi akiambiwa aunde “modeli ya vigezo”, haki yake ni kudhani kwamba ameambiwa afuatishe umbo lililo mbele yake, yaani afanye lile lile tunalomkataza. Isitoshe, kwa mtumishi wa ofisini kigezo ni sifa ya kustahili ajira au mkopo. Neno lenye mizigo mitatu halibebi wa nne bila kuyumba. Twapendekeza thamani tawala kwa jumla, na kipimo tawala pale thamani hiyo inapokuwa urefu au pembe. Idadi ya matundu katika bamba, kwa mfano, si kipimo, lakini yaweza kuwa thamani tawala. Kinyume chake ni kipimo tegemezi, ambacho husomwa tu na hakibadilishwi chenyewe.

(3) Sharti. Ivan Sutherland alipoonyesha programu yake ya Sketchpad mwaka 1963, mchoraji aliweza kuiamuru kompyuta kwamba mistari miwili iwe sambamba, nayo ikatii. Amri ya namna hiyo twaiita sharti. Kuna watakaocheka kwamba “vigezo na masharti” ni maneno ya matangazo ya biashara. Kicheko hicho si hoja: sharti ni jambo lisilokubali kuvunjwa, na ndiyo maana hasa inayotakiwa.

(4) Umbo bubu. Umbo lisilo na kumbukumbu ya hatua zilizoliunda lina jina la dharau katika Kiingereza. Mtafsiri wa neno kwa neno ataandika “umbo jinga”. Hilo halimwelezi msomaji kitu. Bubu ni bora, kwa kuwa umbo hilo lipo kamili ila halisemi lilivyotengenezwa.

(5) Kuchora upya. Istilahi hii ndiyo yenye madhara kuliko zote, kwa sababu inaeleweka na kila mtu, na kila mtu anaielewa visivyo. Kuchora upya ni kufuatisha mistari. Kazi tunayoizungumzia ni kuunda upya, yaani kurudisha kanuni ya umbo.

Atakayeona kwamba haya ni mabishano ya maneno na atazame paa la Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021. Paa hilo ni miavuli ya zege iliyorudiwarudiwa. Modeli ya nyuso huhifadhi kila mwavuli peke yake, na ufa wake. Modeli ya thamani tawala huhifadhi mwavuli mmoja, pamoja na kanuni ya kuurudia.

Tofauti hiyo ina bei. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama. Mkataba ukidai “mchoro wa kompyuta unaoweza kurekebishwa”, mkandarasi akaleta faili la nyuso tupu, atakuwa ametimiza ahadi, maana hata nyuso zaweza kuvutwa huku na huku. Idara itagundua hasara siku itakapohitaji kipuri chenye ukubwa mwingine, na hakimu hatakuwa na neno la kushikia. Lau mkataba ungesema “modeli ya thamani tawala, pamoja na masharti na hatua zake zote”, hapangekuwa na shaka.

Mapendekezo haya hayajasanifiwa. Walimu na wafasiri wanaombwa wayajaribu darasani na katika nyaraka, kisha watuletee hoja zao, hasa juu ya kigezo, ambalo wanahisabati wana haki ya kulitetea katika milinganyo yao. Mafundi wa Gerezani nao waulizwe kabla neno lolote halijapigwa muhuri, kwa kuwa wao ndio watakaolikereza.