Karamu ya Kushtukizwa

Harusi hupangwa kwa vikao na michango, na mwenye nazo hukodi wapishi. Ustadi wa mwenyeji huonekana siku simu inapolia saa nne asubuhi: jamaa wameshafika Garsen, wamesikia kijana wa nyumba hii amepata kazi, wanakuja kumpongeza, na baada ya adhuhuri watakuwa Ndera.

Nimewatazama akina mama wa huku kando ya Mto Tana wakipokea habari kama hiyo, na ninachowasifu si kasi. Fundi wa kazi hii huketi kwanza, akayaondoa yasiyowezekana. Maharagwe makavu hapana, yatamaliza kuni na mchana wote. Mahamri hapana, unga hauumuki kwa kubembelezwa. Choroko sawa, huiva upesi hata bila kurowekwa. Ndizi zi shambani, na mchele haukosi. Kitoweo ni kambare, samaki mwenye kiungo cha kuvutia hewa, ndiyo maana aliyevuliwa alfajiri bado anapigapiga mkia ndani ya gunia lililoloweshwa. Husuguliwa jivu hadi utelezi utoke, akasuuzwa, akakamuliwa limau.

Wakati huo watoto wameshatawanyika, kila mmoja na nyumba yake. Mama haulizi nani ana nini, anajua. Sufuria kubwa iko kwa shemeji, majamvi kwa bibi wa ng'ambo ya uwanja, na maziwa ya chai yatatoka kwa rafiki yake Mworma, mfugaji aliyekamua asubuhi.

Wali nao una siri yake. Maji hupimwa kwa pingili moja ya kidole juu ya mchele. Yakikauka, moto hupunguzwa chini na makaa hupaliwa juu ya kifuniko. Kutoka hapo wali hauhitaji mtu, na mpishi anapata nafasi ya kuoga na kujifunga kanga safi. Nafasi hiyo ni sehemu ya upishi: mgeni akiuona mwili uliochoka, atakula kwa haya.

Chakula hupakuliwa kwenye sinia, na hapa pana hekima. Sahani huhesabu watu, sinia haihesabu. Waliosema wako kumi wakitokea kumi na wanne, watu husogeza magoti tu, na hakuna anayejua kwamba alikuwa wa ziada.

Kwa hiyo karamu hii haikuandaliwa kwa saa tatu. Iliandaliwa miaka mingi, kwa chumvi iliyoazimishwa, kwa jamvi lililopelekwa msibani bila kuombwa. Mto wenyewe umewafunza watu hivyo. Mafuriko ya Novemba 2023, na yale ya Aprili na Mei 2024, yaliwahamisha watu wengi huku kando ya Tana, na anayekimbia maji hapigi simu kwanza kuuliza kama kuna nafasi. Mikono inayojua kulisha waliokuja kwa furaha ndiyo hiyo hiyo inayolisha waliokuja kwa dhiki.

Anayetaka kujifunza ufundi huu, basi, asianze na viungo. Aanze kwa kurudisha sufuria ya watu mapema, imesuguliwa ikang'aa, na isirudi tupu.