Katika Kusifu Elimu ya Kutambua Magitaa ya Kale

Katika dunia ya muziki ziko sanaa mbili zilizokwisha kupewa sifa zao, ya kutunga na ya kupiga, na iko ya tatu ambayo aghalabu haitajwi ijapokuwa taabu yake si haba: nayo ni kazi ya mtu awekewaye mezani gitaa la zamani la umeme, lisilo na hati wala stakabadhi, limechubuka huku na kupakwa rangi upya kule, akaulizwa limetoka katika mkono wa fundi yupi na katika mwaka gani, naye asitamke neno mpaka amelipindua, amezifungua skrubu zake moja moja na kulisaili kwa macho na kwa vidole. Naiona kazi hiyo kuwa ni elimu ya haki, ndugu wa elimu ya mwanachuoni ambaye hupewa kitabu kilichopotewa na ukurasa wa jina, akamtambua mnakili wake kwa mkunjo wa herufi.

Uwanja wake mkubwa, kwa upande wa muziki wa kantri, ni California ya kusini katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, wakati kumbi za dansi zilipojaa watu waliohamia kutoka Oklahoma na Texas, na wapigaji wakahitaji sauti ya kuyashinda makelele. Kampuni ya Gibson ilikuwa imekwisha kuuza gitaa la umeme, ES-150, tangu mwaka 1936, lakini lilikuwa na uvungu ndani yake, na chombo chenye uvungu kikipandishwa sauti kupita kiasi huanza kuvuma chenyewe bila ya kuguswa. Merle Travis, mwana wa Muhlenberg County huko Kentucky, aliyepiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada kwa ustadi ambao wengi waliuiga na wachache wakauweza, alitamani gitaa jembamba ambalo mlio wake ungedumu kama mlio wa lile gitaa la kulazwa mapajani na kupigwa kwa kipande cha chuma. Akayachora matamanio yake katika karatasi, akampelekea Paul Bigsby.

Bigsby hakuwa fundi wa magitaa kwa asili. Alikuwa mchonga kalibu za kumiminia madini, aliyepata kufanya kazi katika karakana ya pikipiki za Crocker mjini Los Angeles, na kushindana katika mbio za pikipiki. Na Travis alimjua kwa kuwa alimpelekea kifaa chake cha kutetemesha sauti ambacho kilikuwa hakikai sawa. Katika karakana yake ndogo ya Downey, mwaka 1948, Bigsby alilifanya gitaa lile kwa mbao ya mepo yenye vidoa kama macho ya ndege, akavipanga vigingi vyote sita vya kukazia nyuzi upande mmoja wa kichwa, akalipamba kwa alama za karata, na vyuma vyake akavimimina kwa alumini, kwa mkono ule ule uliokuwa umezoea sehemu za mashine. Leo limehifadhiwa Nashville, katika jumba la makumbusho ya muziki wa kantri. Lililofanywa kwa namna hiyo, moja kwa mteja mmoja, haliwezi kuwa na wenziwe wengi, na hiyo ndiyo sababu kila lidhaniwalo kuwa ni la Bigsby likizuka katika chumba cha marehemu fulani, wajuzi hukosa usingizi.

Sasa mtu asiye na elimu hii hukimbilia umbo, na umbo ndilo shahidi dhaifu kuliko wote. Vigingi sita vya upande mmoja Johann Stauffer wa Vienna alikuwa amekwisha kuvipanga hivyo katika karne ya kumi na tisa. Zaidi ya hayo, Bigsby alikubali kutia shingo zake katika magitaa ya watu wengine: Travis mwenyewe alikuwa na Martin D-28 yenye shingo ya Bigsby, hata anayetazama kichwa peke yake atamtaja fundi mmoja, na anayetazama kiwiliwili atamtaja mwingine, na wote wawili watakuwa wamesema nusu ya kweli. Shahidi mwenye nguvu ni tarehe, kwa kuwa Bigsby alikuwa na ada ya kuipiga muhuri kazi yake kwa siku aliyoimaliza, mwezi ukitangulia siku kama waandikavyo Wamarekani. Lile la Travis lina tarehe 25 ya Mei 1948. Walakini muhuri nao huweza kughushiwa na mwenye chuma na uroho, na bei za siku hizi zimewazidishia uroho wengi.

Hapo ndipo mtambuzi hurudi katika mbao. Mishipa ya mti haifanani katika mbao mbili, hata zikipasuliwa katika gogo moja. Kwa hiyo ikipatikana picha ya zamani ya mpigaji akiwa jukwaani, iliyo safi kiasi cha kuonyesha mistari na vidoa, huwekwa kando ya chombo kilicho mezani, na doa moja lililo karibu na ukingo huweza kumaliza shauri ambalo masimulizi ya wauzaji yasingelimaliza kwa muda wa miaka kumi. Masimulizi, nami nasema hivi bila ya kuyadharau, yana tabia ya kunenepa kila yanapobadili mwenyewe.

Kisha hufunguliwa ndani. Vizungusho vya sauti vilivyotengenezwa Marekani vina tarakimu zilizopigwa mgongoni, za kwanza zikitaja kiwanda, 137 kikiwa ni CTS na 304 kikiwa ni Stackpole, na zinazofuata zikitaja mwaka na juma. Lakini katika zama zile mwaka ulitajwa kwa tarakimu moja tu, hata nane ikaweza kuwa ya 1948 au ya 1958, na hata ikijulikana, huthibitisha tu kwamba gitaa halikukamilika kabla ya siku hiyo. Lehemu iliyoguswa upya hung'aa kuliko ile iliyotulia. Laka ya kale huwa manjano na kupasuka nyufa nyembamba kwa mabadiliko ya baridi na joto, na chini ya taa ya miali ya urujuani huwaka rangi ya kijani iliyofifia, ilhali mahali palipopakwa baadaye hubaki peusi. Napenda dalili za namna hii kuliko nakshi na majina yaliyotiwa kwa lulu, kwa kuwa fundi alipozifanya hakutazamia jicho la mtu, na pale ambapo hakutazamiwa jicho hapakuwa na haja ya kudanganya.

Mfano bora wa dalili hizo uko kwa Leo Fender wa Fullerton, mwendo mfupi kutoka Downey. Gitaa lake la mbao tupu, lililotoka mwaka 1950, liliitwa Broadcaster mpaka kampuni ya Gretsch ikalalamika kwamba ina ngoma zenye jina karibu na hilo, Broadkaster. Basi mwaka 1951 wafanyakazi wakalikata jina kutoka katika karatasi za kubandika, wakabakiza la Fender peke yake, na yale yaliyouzwa bila ya jina kabla halijaja la Telecaster yamekuwa ndiyo yatafutwayo kwa pupa. Lakini kila jina likiwa limebanduka, bado ikifunguliwa shingo huonekana kwenye kisigino chake, kwa kalamu ya risasi, tarehe na pengine herufi TG, za Tadeo Gomez, mfanyakazi aliyezichonga shingo hizo na kuziandika mahali ambapo hakuna mnunuzi aliyekusudiwa kupaona.

Travis alidai maisha yake yote kwamba Fender aliazima gitaa lake la Downey akaliangalia vizuri kabla ya kulifanya lake. Upande wa Fender ukakana, na ugomvi huo haujazimika baina ya wafuasi wao. Mtambuzi akiulizwa husema lile tu ambalo mbao zimemwambia, kwamba hili lina muhuri wa Mei 1948 na kwamba lile la Fullerton liliingia sokoni mwaka 1950. Akishurutishwa kusema zaidi ya hapo, huchukua bisibisi yake akaanza kurudisha skrubu.