Sikio la Mwaka wa Pili

Mjomba alipoambiwa nimechaguliwa kusomea shahada ya mawasiliano kwa umma, aliweka kikombe chini na kuuliza: "Yaani kuongea nako siku hizi kunasomewa?" Sebule nzima ikacheka. Nikacheka nami, maana jibu sikuwa nalo. Moyoni niliamini kama alivyoamini yeye, kwamba nakwenda Mwanza kufundishwa kuongea. Sauti nilikuwa nayo, nilishasifiwa sana kwa kusoma matangazo kanisani. Nilichokifuata ni cheti.

Mwaka wa kwanza wote hakuna aliyenipa kipaza sauti. Tulipewa nadharia. Mwaka 1948 Wamarekani wawili, kila mmoja kwa njia yake, walitoa maelezo ambayo mwanafunzi wa fani hii popote pale hukutana nayo wiki za mwanzo. Harold Lasswell aliuliza nani anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na kwa matokeo gani. Claude Shannon wa maabara za kampuni ya simu ya Bell alichora mshale kutoka kwa mtuma ujumbe hadi kwa mpokeaji, na katikati ya mshale akaweka kelele, yaani chochote kinachoingia njiani na kuuharibu ujumbe. Tulikariri, tukamwaga kwenye mtihani, tukasahau. Waliopata supu walirudi Septemba kumkariri Shannon upya. Mimi nilipona, na hata bumu, yaani fedha ya mkopo wa chuo, lilipochelewa nilijifariji kwamba angalau sidaiwi somo.

Kazi yenyewe ilianza mwaka wa pili, kwenye somo la utayarishaji wa vipindi vya redio. Mwalimu wetu alikuwa mzee aliyesoma taarifa ya habari enzi za kanda za sumaku, wakati kuhariri kulikuwa ni kukata utepe kwa wembe na kuuunga kwa karatasi yenye gundi. Alituita wanangu. Sauti yake ya kawaida ilikuwa ndogo, hata waliokaa nyuma ilibidi wasogee mbele. Baadaye nilishuku kwamba alifanya makusudi.

Zoezi la kwanza lilikuwa sentensi moja ya habari. Alitupa mambo ya kubuni kuhusu mradi wa maji. Niliandika kwa kujiamini: "Imeelezwa kuwa jumla ya kaya 1,286 katika kata tatu zimenufaika na mradi wa maji safi na salama wenye thamani ya shilingi 487,350,000, ikiwa ni sehemu ya jitihada za kuhakikisha huduma hiyo inaimarika." Ndivyo habari zinavyoandikwa, nilijua, kwa kuwa nilikuwa nimezisoma maisha yangu yote.

Aliniambia nisimame niisome kwa sauti. Nilifika kwenye "thamani" pumzi imekwisha. Darasa likaguna.

"Imeelezwa na nani?" akauliza. Sikujua. "Kunufaika ndiyo kufanya nini? Kunywa? Kuoga?" Kisha akachukua kalamu. Alianza kukata nyuma kwenda mbele, kama fundi cherehani anayefumua mshono bila kuharibu kitambaa. "Jitihada" zikaondoka. "Safi na salama" ikaondoka, kwa hoja kwamba hakuna mradi uliowahi kuzinduliwa wa maji machafu. Zile shilingi zikawa "karibu nusu bilioni". Kilichobaki: "Kaya zaidi ya elfu moja na mia mbili zimeanza kupata maji ya bomba. Mradi umegharimu karibu shilingi nusu bilioni." Akaisoma yeye, kwa ile sauti yake ndogo, na kwa mara ya kwanza nikaona bomba.

Msomaji wa gazeti akipotea hurudi juu, alisema. Mama anayeosha vyombo huku redio iko dirishani harudi popote. Sentensi inampitia mara moja tu, na kama haikuingia ndiyo basi.

Vitabu vyetu, vingi vya Kiingereza, vilitupa hesabu ya maneno mangapi msomaji wa habari asome kwa dakika. Mzee aliipuuza. Neno letu moja, "hatukuwaambia", lina mtendaji, watendwa, wakati na ukanusho ndani yake. Ukihesabu maneno kwa kipimo cha watu wengine utasoma habari kama unakimbizwa na mbwa. Kipimo chake kilikuwa pumzi. Sentensi moja, pumzi moja, na ibaki kidogo akiba.

Halafu kulikuwa na vita ya matamshi. Wengi tuliotoka Kanda ya Ziwa tulikuwa na kesi ya r na l, na mzee hakuwa na huruma hata kidogo, ingawa yeye mwenyewe alizaliwa Usukumani. Alipenda kututega kwa neno "barabara". Ukikazia silabi ya pili kutoka mwisho, hiyo ni njia ya magari. Ukikazia ya pili kutoka mwanzo, maana yake ni sawasawa, vizuri. Aliandika ubaoni "Barabara imetengenezwa barabara" na akatuamuru tusome mmoja mmoja. Saa nzima ilikwisha kwa maneno matatu. Dirishani wanafunzi wa sheria walikuwa wanapita na kutucheka, nami nikamkumbuka mjomba.

Fani hii ilifundishwa nchini kabla ya shahada zake. Shule ya Uandishi wa Habari Tanzania ilianza mwaka 1975, na mwaka 2003 ikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, hapo Nyegezi, kilikuwa taasisi ya mafunzo ya kijamii kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka 1998. Kabla ya hapo, na hata sambamba na hapo, wengi walijifunza kazini, wakikaa pembeni ya mkubwa na kumtazama mikono. Kanuni zilizofuata Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 zikadai mwandishi awe na stashahada angalau. Sina ugomvi na vyeti, changu kipo ukutani. Ila yale niliyoyapata kwa mzee nisingeyapata kwenye kitini. Niliyapata kwa kukaa pembeni.

Mwisho wa semista kila mmoja alitakiwa kuleta makala ya dakika tano. Nilichagua Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, na akina mama wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, kwa sababu ziwa lote limeshaangaza. Siku hizo mitumbwi hupumzika na soko hupungua sauti. Nilitaka kujua wale mama huishije siku za mbalamwezi.

Safari ya kwanza sikurudi na kitu. Rekoda ya chuo ukibonyeza kitufe mara moja taa nyekundu hupepesa, maana yake iko tayari tu, inakusubiri. Ukibonyeza mara ya pili taa hutulia, na hapo ndipo inanasa. Nilikaa na mama mmoja dakika arobaini, akanieleza mambo ya thamani kabisa, na taa ilikuwa inanipepesa muda wote kama inanikonyeza. Nilirudi keshokutwa yake kumwomba aseme tena. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akasema: "Kaa, mwanangu. Leo nitakwambia vizuri zaidi."

Kwenye kompyuta sauti huonekana kama safu ya milima: panapopanda ni neno, panapotambaa ni kimya. Mama alikuwa amesema: "Mwezi ukiwa mkubwa hatuna kazi. Tunakaa tu. Watoto nao... wanajua." Kati ya "nao" na "wanajua" palikuwa na sekunde mbili na ushee, na ndani yake alama ndogo kama vumbi kwenye kioo. Ilikuwa pumzi yake. Nilikuwa nimejifunza kukata, na mkataji haoni kitambaa ila anakiona kirefu. Nikakata. "Watoto nao wanajua." Safi, na nimeokoa sekunde mbili.

Mzee alivaa hedifoni, akafumba macho. Ilipofika hapo akanyoosha kidole. Sijui alisikiaje, nilikuwa nimeunga vizuri.

"Hapa palikuwa na kitu."

Nikamwambia palikuwa kimya tu.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akasikiliza tena, mara tatu, na mara ya tatu akanivalisha mimi hedifoni. Kwa mara ya kwanza nikaisikia ile pumzi. Alikuwa ameivuta kuanza sentensi nyingine kabisa, akaiacha, na "wanajua" ikatoka badala ya hiyo nyingine. Mambo ambayo watoto wanayajua yote yalikuwa mle ndani. Nilipoikata nilimfanya mama wa watu aonekane mtu anayetoa taarifa.

Hapo hapo akanifundisha jambo jingine, ambalo nadhani ndilo fundi halisi hutambulika nalo. Pale panapostahili kimya usiweke utupu. Utupu wa kompyuta ni shimo, na sikio hutumbukia na kushtuka. Kila mahali pana kimya chake. Kimya cha Mwaloni kina maji yanayolamba mbao, injini moja mbali, mtu anaburuta kitu. Kwa hiyo kabla ya kuondoka mahali popote omba watu wanyamaze nusu dakika, unase kimya cha mahali hapo, ukiweke akiba. Ndicho kiraka chako utakapounga.

Nilitoka studio nikimfikiria Shannon na kelele zake. Kwa mhandisi wa simu kelele ni adui, na yuko sahihi, anatafuta neno lifike. Lakini makala yangu bila kelele ilikuwa mama anayezungumza ndani ya chupa. Niliporudisha soko chini ya sauti yake, kwa kipimo, likipanda anapotua na kushuka anapoanza, ndipo akawa mtu mwenye mahali. Nadharia niliyoimwaga mwaka wa kwanza nilianza kuielewa hapo, kwa kuipinga.

Sikio hilohilo ndilo walilolitaka kwenye somo la utafiti, ingawa wengi tuliliogopa kwa sababu ya takwimu. Mfano tuliopewa ulikuwa wa nyumbani. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Dodoma, yenye mtambo wake wa kurushia matangazo, iliendelea na vipindi vingine hadi 1995, ili watafiti, Everett Rogers akiwa miongoni mwao, walinganishe waliousikia na wasiousikia. Utafiti huo husomwa na wanafunzi wa mawasiliano ng'ambo pia. Mimi ulinigusa kwa sababu nyingine. Mama yangu anamkumbuka Mkwaju, yule dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, kuliko anavyomkumbuka waziri yeyote wa afya wa miaka ile, na akimtaja hukasirika kana kwamba alikuwa shemeji yetu. Kuna mtu aliketi akaandika mazungumzo ya Mkwaju, akayasoma kwa sauti, akakata.

Makala yangu ilipata alama B. Mzee aliandika pembeni kwamba dakika ya nne nimeongea mno mimi.

Jumamosi moja nikaenda Mwaloni kumsikilizisha yule mama wa dagaa mwenyewe. Nilimkuta ameinama juu ya gunia, sado mkononi. Alifuta mikono kwenye khanga, nikamvalisha hedifoni juu ya kilemba. Alitulia. Alijisikia akisema mambo ya mwezi, akatikisa kichwa taratibu. Ghafla akatazama juu, mbingu ilikuwa kavu.

"Mbona hapa kuna mvua? Siku ile haikunyesha."

"Si mvua, mama. Ni dagaa zako. Ulikuwa unazimimina kwenye gunia."

Hakuniamini. Akazivua hedifoni, akachota sado moja, akainyanyua juu kidogo kuliko kawaida, akainamisha kichwa upande, na kuanza kumimina polepole.